Pindo la Suruali

Mama alikunja pindo vidole vinne,
akasema, Eusebio atarefukia huko huko.
Miaka kumi na sita, lori la jeshi,
kutoka baridi ya Oruro hadi jangwa la Chaco
ambako maji yaligawiwa kwa kizibo cha chupa.

Amerudi. Pindo liko vilevile,
uzi wa mama haujafumuka.
Mimi kitindamimba nimempita kwa kichwa,
naye ananiita kuruta.

Usiku hulala uani, ubavuni mwa pipa.
Ukichota kata ya pili anauliza,
kwa upole unaotisha:
Hiyo ni ya nani?

Jana mama alimpelekea viazi vya moto,
akamwita kwa jina la utotoni, lile la kunyonya.
Eusebio akageuka nyuma
kumtafuta anayeitwa.

Mama hakusema kitu.
Alichukua wembe, akamwambia avue,
akafumua pindo, uzi kwa uzi,
hadi kitambaa cha ndani kikatoka kipya,
rangi ileile ya asubuhi ya lori.

Akaivaa. Ikaburura vumbini.
Akasimama akiitazama ile rangi
kama mtu atazamavyo maji
asiyoruhusiwa kuyanywa.