Jina Chini ya Rangi

Kazi yangu ni majina.
Hapa Kibirizi boti ikiuzwa naitwa mimi,
na brashi mbili, msasa, kopo la rangi ya mafuta,
nikwangue jina la aliyeshindwa
niandike la aliyethubutu.
Elfu kumi na tano jina fupi. Refu, tunapatana.
MUNGU HAPOKEI RUSHWA nililipwa kwa awamu tatu,
ya tatu naidai bado.

Mwaka huu nakwangua tu.
Wauzaji wanakuja na ufunguo kwenye pindo la kanga,
wanunuzi wanakuja mikono nyuma,
wanagonga ubavu wa boti kwa kidole
kama daktari anayesikiliza kifua,
wanauliza injini inakunywa kiasi gani,
wanatazama ng'ambo, milima ya Kongo,
wanasema tungoje kidogo, dola itulie.
Dola haitulii.
Faranga ya Burundi asubuhi ni nauli,
jioni unafungia karanga.

Dalali Ruhwanya zamani alitaja bei mara moja
akageuka kuangalia maji.
Siku hizi anataja, anangoja,
anaipunguza mwenyewe
kabla hujafumbua mdomo.

Kuna moja nyeupe.
Si ya dagaa, si ya mawese, si ya kuvusha watu na mbuzi:
boti ya starehe,
ya mtu anayekaa juu ya ziwa bila shida na ziwa.
Ina kitanda. Ina kioo cha kunyolea,
jokofu la kimo cha sanduku la mwali,
na kingazi cha kushukia kuogelea
ambacho sijaona mtu akikikanyaga.
Mzee Ntahondi aliinunua mwaka wa neema,
mawese yakiingia kiwandani kwa mapipa
na sabuni ikitoka kwa malori.
Kiwanda sasa kimebaki na harufu.

Alinipigia mwenyewe. Hakusalimu.
"Njoo ulitoe jina."
STEFANIA, la mkewe, kwa buluu,
mkono wangu, miaka sita nyuma;
nilikuwa nimelizungushia shanga nyekundu
bila kuongeza bei.

Nikasugua.
Chini ya Stefania pakatokea BAHATI.
Msasa ukasimama.
A zile nazijua: mguu mmoja umetangulizwa mbele
kama mtu anayepanda chomboni.
Baba hakuwahi kuniambia aliiandika hii.
Alisema tu, kila akinawa mikono kwa mafuta ya taa,
kwamba rangi haifi, inalala.

Chini ya Bahati, jina la kizungu lililoliwa nusu.
Chini yake kijivu, hakuna neno.

"Futa yote," Ruhwanya akapaza sauti kutoka kivulini,
"mtu wa Uvira hataki mikosi ya wenzake."

Mtu wa Uvira akaja Jumanne.
Akapanda, akajilaza kitandani na viatu,
akacheka, akashuka.
Akanunua injini.
Akaongeza kidogo, akachukua na jokofu.
Ntahondi alihesabu noti mara mbili
akiwa ameipa boti kisogo.

Kesho yake alikuja Stefania.
Sikumzoea bila gari.
Akapitisha kiganja pale jina lake lilipokuwa,
akatazama vumbi la buluu mkononi
kama mtu aliyesahau alichotumwa.
"Na hili la katikati mbona umeliacha?"
Nikasema msasa umeisha.
Akanitazama sana. Alijua duka liko wapi.

"Basi liache. Juu yake niandikie neno moja."

Kwa hiyo niliandika, kubwa, lionekane hadi gatini:
INAUZWA.
Herufi saba. Hatukupatana bei,
alinipa miche sita ya sabuni, ya mwisho mwisho,
yenye muhuri uliokaa upande.

A ya kwanza niliiandika yangu.
Ya pili ikatoka na mguu mbele.