Kukata Ncha

Mbegu nilizipata kwenye soli ya kiatu cha mteja,
askari wa hifadhi aliyesinzia kitini kwangu
kabla sijamaliza kisogo.
Ganda jembamba, kavu. Mbegu sita.
Nikazimwagia maji yanayochemka,
maana mbegu ya mgunga haisikii la upole.
Asubuhi mbili zilikuwa zimevimba kama ufizi.
Moja ikaota.

Miaka mitatu sasa, hapa Kaptembwo,
kibanda cha pili kutoka kwa fundi wa majiko.
Nyumba yake ni trei ya keki niliyoitoboa kwa msumari,
kokoto za Menengai, nyepesi kama mkate wa juzi,
na samadi kidogo ya mbuzi wa Mama Taprandich.

Mche ukapanda. Ukapanda tu,
wima kama mlingoti wa shule siku ya likizo.
Nami nimekata vichwa vya Nakuru miaka kumi na minane,
vya maharusi, vya wafiwa, vya mtoto anayemng'ata mamaye,
lakini mbele ya kijiti cha urefu wa mkono
mkasi ulinitetemeka.
Kinyozi hajinyoi, walisema.
Hawakusema kuna vingine pia asivyothubutu kuvinyoa.

Akaja Cheruto, darasa la nne, kumsubiri kaka yake.
Akautazama mti dirishani, akanitazama mimi.
"Mbona huu hauna mikono?"
Kaka yake akacheka chini ya shuka.
Mimi sikucheka.

Nikangoja mvua za Aprili zilaze vumbi.
Nikahesabu majani kutoka chini, nikakosea, nikarudia,
na juu kidogo ya jani la sita nikaweka mkasi,
ule mwembamba wa masharubu,
niliouchovya kwenye spiriti kama ninavyowafanyia watu.
Tak.

Kumbe ncha ndiyo iliyokuwa ikiwanyima wenzake usingizi wa kuamka.
Kila kwapa la jani lina jicho, katikati ya miiba miwili,
na kila jicho lilikuwa likiambiwa usiku na mchana:
Lala. Bado. Mimi nipo.

Siku tisa, kimya.
Siku kumi na mbili, kimya.
Nikausogeza juani, nikaugeuza robo kila asubuhi,
nikajizuia kumwaga maji kwa wasiwasi.
Jioni majani yaliyobaki yalijikunja kama kawaida,
kama viganja vya mtu aliyemaliza kusali
na hajui kama amesikika.
Kile kilele nilikitia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.
Kikakauka.
Nakitaja kwa sababu wasimuliaji hukiruka.

Siku ya kumi na tisa, povu mkononi,
nikaona nukta ya kijani, ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti.
Chini yake nyingine.
Upande wa pili, ya tatu.
Bwana Odera akabaki na nusu ya kidevu
mpaka nilipomaliza kuhesabu.

Mchungaji wa hapa jirani alitaka kuigeuza mahubiri:
kukatwa, kuzaa, mnajua wenyewe.
Nikamwomba atulie, wembe uko shingoni.

Mti hauna mahubiri. Una kazi.
Kila kitawi kikifika majani manne, nakifinya ncha;
kinanuna, kinagawanyika.
Kile kinachotaka kurudi mlingoti nakilaza
kwa waya wa shaba wa mashine yangu iliyoungua,
siufungi sana, shina linanenepa usiku.

Juzi Cheruto alirudi, ameota meno mapya.
Akahesabu mikono: saba, na kimoja hakijaamua.
"Ulipoukata, uliumia?"
Nikasema sijui, na ni kweli sijui.

Ukucha wa gumba la kulia nimeuacha urefuke.
Wateja wanadhani ni mapambo.
Nikiwapapasa kidevu kutafuta unywele uliosalia,
wengine huuliza ni mafuta gani mapya haya
yanayonukia majani mabichi.