Vidole Vinne

Gavana nilimnunua kwa bei ya kilo mbili za sukari,
ndevu zake zimeliwa na mende upande mmoja.
Jemadari wa Kijerumani nilimkuta Gerezani
amefunikia katoni la misumari.
Nyuma yake askari kumi na wawili wasio na majina,
na mtoto mshika farasi aliyetikisa kichwa:
uso wake moshi mtupu,
maana enzi zile picha ilitaka utulivu wa maiti.

Nimewapanga chumba cha uani, Mtaa wa Swahili,
ndani ya bahasha za kaki, kafuri kila kona.
Joto la Dar halijui vyeo.
Masika moja tu, kanali anaota ukungu kwenye medali.
Mke wangu Zamda husema:
"Wanaume mia tatu wanalala kwangu,
hakuna hata mmoja anayechangia umeme."

Lakini hii.
Hii niliipata kwa Jivraj, Mtaa wa Zanaki,
siku anaifunga studio ya baba yake.
Ngazi za wizara, mwaka wa bendera mpya.
Saba wamesimama, suti zimewabana kwapani.
Wa nane, mkasi umepita naye,
umefuata mshono wa koti la jirani
na kusahau vidole vinne begani.

Jivraj alishusha bei. "Ina kasoro," alisema.
Mimi nikaongeza.

Miaka kumi na moja nikimtafuta mwenye vidole.
Wastaafu wa Ilala walifuta miwani,
wakaniuliza habari za mvua.
Nikajitungia kisa changu:
usiku, gari jeusi mlangoni,
mtu mwoga anapunguza marafiki kwa mkasi.

Mpaka Temeke, kwa Bi Mwavita,
aliyeniita nikanunue fremu tu.
Aliiona picha, akaingia chumbani,
akatoka na kopo la poda.
Ndani yake mtu mmoja, mwembamba kama tiketi,
anacheka, mkono wake unaishia hewani.

"Kaka yangu. Nilikuwa nafagia kwa baba yake Jivraj.
Ilikuja amri: kila alipo, pachomwe.
Nikamtoa usiku, kabla hawajafika.
Wewe umekaa na tundu miaka yote hiyo.
Mimi nilitoka na mtu."

Tuliviweka mezani,
kingo zikakutana bila ubishi.
Nikataja bei. Nikapandisha.
Nikamtoa gavana, nikamtoa jemadari na farasi wake.
Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani.
Kisha akaomba mkasi.

Zamda, ile picha ya ngazi imerudi kabatini.
Saba bado wamebanwa kwapani.
Begani mwa yule wa mwisho pana tobo,
na nikiiinua dirishani
jua la Kariakoo linapenya hapo,
pamoja na kelele za wauza vitenge.