Dirisha la Stoo

Mashine iko Al Khoudh, stoo, rafu ya pili,
kati ya gunia la mchele na makopo ya haluwa
ya arusi ya Shadya, mpaka leo hayajaisha.
Feni yake yakoroma. Nje, nyuzi arobaini na sita.
Mwaka wa tatu huu inanakili daftari la sarafu,
daftari lisilo na mwenye duka,
kila ukurasa umeshonwa kwa uzi wa uliotangulia:
chomoa mmoja, zote zinafumuka.

Kazi yangu miye iko Duqm, wiki mbili kwa wiki mbili.
Nikipiga simu Mama husema, "Taa inawaka."
Taa gani?
"Ya kijani. Au buluu. Nimevua miwani."
Skrini ile nyeusi hataki kuisogelea.
"Yaandika kama mgonjwa anayeweweseka."

Likizo ya Idi nikakaa chini kuitobolea dirisha.
Mikesha mitatu, mistari mia mbili na kitu,
chai ya maziwa ikifanya utando pembeni.
Tumboni mwa programu sikutia mkono;
niliiwekea tu mahali pa kuulizwa
na adabu ya kujibu.

Kwanza nilikosea, nikaliachia dunia nzima.
Hazikupita dakika kumi na moja,
watu nisiowajua wanatikisa kitasa, wanabahatisha nywila.
Nikalibana. Sasa lasikia sauti za nyumba hii tu.
Na kitufe cha kutuma sikukiweka.
Dirisha la kuchungulia si la kurushia vitu.

Kilichonitoa jasho ni maneno.
Kiarabu Mama anasomea Msahafu na bili ya maji;
mengine yote anayataka kwa Kiswahili cha Wete.
Nikaandika: *Nodi zilizounganishwa, 10.*
Akakunja uso. "Ndio kina nani hawa?"
Mashine nyingine, Mama, zina daftari hilihili,
zinasomeana kurasa, zinasahihishana.
"Si majirani hao?"
Nikafuta. Nikaandika: *Majirani.*
*Usawazishaji, asilimia 99.*
"Ndiyo nini?"
Yaani ilizimika, sasa inawakimbilia wenzake.
"Basi sema hivyo."
*Hitilafu* akaiacha. "Hiyo naijua."

"Na pesa ziko wapi?"
Hazimo. Humu mna daftari tu.
Akacheka mpaka akashika mlango.
Baba yake alikuwa na duka Wete.
Walipoondoka duka lilibaki, mizani ikabaki,
daftari la madeni likaja Maskati ndani ya mto wa kulalia.
"Kurasa zote zilikuwemo. Hajalipa mtu hata senti.
Lakini tukijua nani anadaiwa."

Tableti kuukuu ya Shadya nikaibandika ukutani, stoo,
nikaliweka dirisha humo, nikarudi Duqm.
Usiku napita chini kwa chini
kusoma kumbukumbu: nani kaja, saa ngapi.
Mstari mmoja kila siku.
05:07. 05:11. 05:06.
(Mashine haijui kusema saa kumi na moja.)
Baada ya sala, kabla ya chai.
Hilo sikulipanga. Nilitoboa ili yeye aione mashine.

Jumatano, mstari hakuna.
Kambini watu wamekwenda kazini, nimebaki na kiatu kimoja mguuni.
Saa moja. Saa mbili. Nikapiga, ikaita, ikaita.
"Nipo, Mundhir. Nilipitiwa na usingizi tu,
usiku kucha nakohoa hili vumbi."
Nikanyamaza.
"Ngoja basi, nishakujua, unataka nikuangalizie."
Nikasikia ndara zake ukumbini, mlango wa stoo, feni.
Mbele yangu mstari ukatokea: 08:19.

"Wamebaki tisa," akasema.
"Jana walikuwa kumi. Hebu muulizie huyo mmoja,
isije ikawa anaumwa."