Farasi wa Bahari, Bahi

Tabibu alikichora nyuma ya risiti ya dawa:
kitu kilichojikunja kama mkia wa kinyonga.
"Kiko ndani ya kichwa, usawa wa sikio,
kimoja kushoto, kimoja kulia.
Waliokipa jina waliona farasi wa bahari."
Nikacheka peke yangu. Mimi mtu wa Bahi.
Toka Bahi hadi bahari ni herufi mbili kwenye daftari
na siku nzima ya vumbi barabarani.

Ni karani wa lango, akasema.
Sauti ikifika, anafungua leja:
huyu alishawahi kupita hapa?
Akiwemo, apite, asiamshwe mtu.
Asipokuwemo,
karani anagonga kengele, shingo inageuka,
mate yanakauka,
ndipo unauliza, "Nini hicho?"
Yeye keshauliza kabla yako.

Walimvisha baba kofia ya nyaya.
Ti. Ti. Ti. Ti. Ti.
Ghafla mbwa akabweka.
Ti. Ti. Ti.
Ghafla sahani ikavunjika.
Kwenye kioo, mstari wa kijana aliyemtangulia
ulikuwa umeruka kama panzi.
Wa baba ulitambaa.
Tabibu akanong'ona, "Mzee Chidosa,"
na baba akaitika. Masikio mazima.
Leja ndiyo haifunguki.

Baba huyu!
Huyu aliyekuwa akisimama katikati ya vichaka vya Itigi,
njiwa wanalia, majani makavu yanasema yao,
anainua kidole. Shh.
Segu mmoja, mbali.
Sisi hatukusikia kitu.
Tulifuata kisogo chake mpaka kwenye asali.

Halafu ile homa. Siku tisa hakujijua.
Ilipoondoka iliondoka na farasi.

Treni ya umeme ilipopita mara ya kwanza,
punda wa mama Sechelela alikata kamba,
watoto walitokea madirishani, mwalimu nyuma yao.
Baba aliendelea kumenya karanga,
ganda huku, punje huku.
Wiki ya pili punda hakuinua hata sikio.
Mwezi wa tatu, hata mimi.
Ukitupita pale uani ungesema tumefanana:
sisi leja imejaa,
yeye imefungwa.

Na ile pampu ya kisima, tangu lini niliisikia?
Ilizimika usiku mmoja wa Oktoba
na mtaa mzima ukaamka,
milango ikafunguka, tochi, "Kuna nini?"
Hakukuwa na kitu. Ndicho kilichotuamsha.
Kimya nacho ni mgeni
kikifika bila kubisha hodi.
Baba alikoroma mpaka alfajiri.

Nilimhurumia, sitaficha.
Nilijiona tajiri wa farasi wawili.

Jana kaja Mlewa, mdogo wangu, kutoka Manyoni.
Hajakanyaga hapa tangu mavuno ya mwaka juzi.
Tunakunywa chai, baba kaniita toka kivulini,
nikaitika, nikaanza kuinuka.
Mlewa akaweka kikombe chini.
"Amekuitaje?"

Nikasikiliza kinyumenyume.
Mbeleje, alivyoniita siku nazaliwa.
Mbelee, baada ya homa.
Mbele, wakati wa kupalilia uwele;
nilidhani ananihimiza.
Na sasa hivi, kama mbuzi mdogo zizini:
Mbe.

Herufi saba zimebaki tatu.
Hakuna siku hata moja zilipoanguka kwa kishindo,
na kila siku nilisema, "Naam, baba,"
mikono yangu kwenye unga, macho yangu kwenye moto,
karani wangu amelala juu ya leja.

Mlewa ananitazama.
Baba ameishiwa karanga, anatikisa ungo.
Akaita tena.

Nikashtuka.