Redio ya Kinuni

Redio ya marehemu baba ilikata kauli mwaka ule wa viwavi.
Fundi wa Luanda aliifungua, akatoa utumbo wa nyaya,
akasema, "Mama, hapa limebaki ganda,"
akatutoza shilingi hamsini kwa kutuambia hivyo.

Ganda lile Ombima wa kinu aliliomba.
Akaligongomea ukutani, upande usiopigwa na mvua,
akapanua kwa kisu pale mshale ulipokuwa ukitembea
mpaka mkono wa mtoto ukapita.
Juu yake akaandika kwa makaa:
BARUA HAPA. UNGA NDANI.

Posta ilikuwa mbali, na sanduku la shule
lilikuwa limefungwa kwa deni.
Basi yeyote aliyeshuka Kisumu kwa shughuli zake
alipitia kinuni kuchota zilizomo,
na aliyepanda akatia alizopewa kule.
Stempu ilikuwa salamu.
Asiye na salamu, nusu gorogoro ya mahindi.

Barua zetu zote zilinuka unga.
Ukipasua bahasha, vumbi jeupe lilikumwagikia mapajani
kabla ya neno la kwanza.
Shangazi Minayo, aliyekuwa Nakuru akifuma mablanketi,
alisema huikung'uta karatasi juu ya sufuria ya uji
ndipo aisome.
Sijui. Shangazi alitia chumvi hata pasipo mboga.

Kitindamimba wa Vugutsa aliiandikia redio yenyewe:
*Mpendwa Redio, wale waliokuwa wakiimba umewaficha wapi?*
Ombima aliigeuza, akaigeuza tena.
Hakujua ampe nani.
Akairudisha ndani, wajibu wenyewe.

Na mimi ninalo langu.
Dada yangu Kageha anakaa ng'ambo ya kijito,
hatua mia tatu; nimezihesabu kwa hasira,
nikazihesabu tena kwa kitu kingine.
Tuligombania mpaka, matuta manne ya viazi vitamu,
tukanyimana salamu miaka sita.
Moshi wa jiko lake nauona.
Akikohoa usiku, nasikia.

Usiku mmoja mkono uliusaliti mdomo.
Nilichana jalada la daftari, nikaandika:
*Hicho kikohozi unakitibu na nini?*
Nikatumbukiza redioni alfajiri,
nikaondoka mbio kama mwizi wa kuku.

Siku ya nne nilipeleka mahindi kusaga.
Ombima, mweupe hadi kope,
alinipa karatasi huku akitazama mkanda wa mashine:
*Mvuke wa mkalitusi. Hausaidii. Goti lako je?*

Tukaendelea hivyo.
Goti, ng'ombe, bei ya sukari,
ndoto aliyoota mama akitafuta leso yake ya njano.
Kila neno lilipanda kilima, likalala kinuni,
likashuka hadi mlango wa jirani.
Na tukikutana kijitoni na mitungi yetu
tuliyatazama maji.

Kuhusu viazi hatukuandika hata herufi.
Ila mvua za masika zilipokaribia
nilikuta matuta mawili yamelimwa kunielekea,
na jembe lake limelala pale,
limesahaulika, au limesahauliwa makusudi.

Sasa ana simu, nami ninayo.
Ananipigia akiwa jikoni, nami nikiwa jikoni,
tunasikiana mara mbili, sikioni na dirishani.
Kinu kina mota mpya. Ombima amestaafu,
anakohoa unga aliousaga miaka thelathini.
Redio bado iko ukutani, imepinda upande mmoja,
na ile BARUA imebaki ARUA.

Jana nilipita tu. Sikuwa na mahindi.
Nilitia mkono, nikamgusa mjusi,
na chini ya mjusi kulikuwa na karatasi, mwandiko ule wa kuegemea kushoto:

*Nilijua utakuja kuchungulia.
Nimechemsha viazi. Njoo na chumvi.*