Hadithi Mbili, Jalada Moja

Mzee Lyuben aliniletea kurasa ndani ya mfuko wa mkate,
hadithi mbili zilizokatwa kwa makasi katika magazeti ya zamani.
"Za marehemu Zdravka," alisema. "Nijalidie pamoja.
Ipi itangulie utaamua wewe. Mimi sikuwahi kuzisoma."
Akatoka. Mvua ya Ruse ikampokea mlangoni kama mdai.

Mjalidi hasomi; akisoma, gundi inakauka.
Nilisoma.

Katika ya kwanza, Kamen, karani wa stesheni,
anampenda Violeta wa duka la kofia.
Anauza fidla ya babu yake ili amnunulie glavu.
Anasimama chini ya dirisha lake Januari nzima,
barafu ya Danubi ikipasuka nyuma yake kama sahani,
hadi hospitalini wanamkata vidole viwili vya mguu.
Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki:
hiki cha Kamen kinaamsha mtaa mzima,
mbwa wanabweka, majirani wanafungua madirisha,
mwandishi mwenyewe anapandisha sauti.
Violeta anasema maneno manane katika kurasa kumi na moja.
Nimeyahesabu. Matatu kati yake ni "Funga mlango, tafadhali."

Katika ya pili hakuna anayekohoa.
Stamen amerudi kutoka mgodini, akili imebaki chini.
Kila siku anang'oa kifungo cha koti lake,
kila jioni Dochka anakishona.
Kifungo kilekile. Miaka saba.
Neno "penda" halimo; nimelitafuta
kama mtu anayetafuta jiwe kwenye dengu.
Kuna supu, kuna kodi, kuna jirani
anayeuliza kwa nini asimpeleke kule wanakopelekwa,
na Dochka anamjibu habari za bei ya makaa.
Inaishia uzi unapoingia kwenye tundu la sindano,
bila hata nukta.

Nami nilikuwa na sindano mkononi. Basi nilishaamua:
ya kimya itangulie, ya kelele ifuate.
Nani asingeamua hivyo? Sisi watu wa kazi za mikono
tunapenda kusifiwa kwa mlango wa nyuma.

Kisha nikaziinua kwenye taa.

Ya Kamen ilikuwa imelegea mikunjoni, ina madoa ya kahawa, ya jemu,
pembe zimekunjwa na kukunjuliwa
mpaka zimekuwa laini kama sikio la paka.
Zdravka alirudi pale, akarudi tena,
na sidhani alikwenda kumwona Kamen.
Alikwenda kusimama dirishani.

Ya Dochka ilikuwa safi. Imesomwa mara moja, labda mbili.
Ila pambizoni, palepale penye mwaka wa saba,
penseli imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka:
Na cha kwake nani alishona?

Nilikaa na swali hilo gundi ikaganda kwenye brashi.
Kamen hakumuuliza Violeta anataka nini.
Dochka hakuulizwa na mtu.
Mmoja anatoa kwa tarumbeta,
mwingine anatolewa kidogokidogo, kama uzi kwenye cherehani,
na waandishi wote wawili, wanaume, wameridhika.

Niliitanguliza ya Kamen.
Kati yake na ya pili niliweka karatasi moja tupu,
ile ya bei, ninayowekea vitabu vya kanisa.
Kisu kilipofika kwenye lile pambizo nilikipitisha mbali,
ukurasa mmoja ukatokeza nje ya wenzake kama ulimi.

Alhamisi Mzee Lyuben alikuja. Alipapasa jalada, hakulifungua.
"Alikuwa akisoma mimi nikilala," alisema. "Nilidhani ni mapishi."
Kidole chake kikagota kwenye ukurasa uliotokeza.
"Mbona huu umezidi?"
"Utaona nyumbani."

Kwenye koti lake, chini kabisa, palikosekana kifungo;
uzi mweusi ulining'inia.
Uzi ninao. Sindano ilikuwa bado na joto la vidole vyangu.

Nilimwambia bei.